Furu kwenye beseni

Nilifundisha Baiolojia katika sekondari za serikali hadi nikastaafu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia Mwanza. Vipindi vingi vimeshanitoka kichwani. Hiki cha kidato cha tatu, mwishoni mwa miaka ya 1990, hakijanitoka.

Mada ilikuwa uzazi. Nilikuwa naeleza kwa Kiingereza, kama sera ilivyotaka, habari za samaki wanaotaga maelfu ya mayai majini na kuyaacha. Kijana mmoja wa Kirumba, mtoto wa mvuvi, ambaye sikuwahi kumsikia akijibu swali, akanyoosha mkono. Akasimama, akaanza Kiingereza, akakwama neno la pili. Wenzake wakacheka. Nikamwambia aseme kwa Kiswahili.

"Madam, furu haachi mayai. Anayaweka mdomoni. Hata sato."

Furu ni wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Darasa likalipuka, hawa wanaunga mkono, hawa wanazomea. Nikamuuliza kama anaweza kutuonyesha. Akasema Alhamisi.

Alhamisi akaja na ndoo ya maji ya ziwa, ndani yake furu aliowatoa penye mawe. Tukawamimina kwenye beseni la kufulia tuliloazima bwenini. Akamchagua jike mmoja, wa rangi ya udongo, koo limetuna kama la mtu aliyezuiwa kumeza tonge. Akalowesha kiganja, akamshika taratibu, akamfungua taya kwa kidole gumba. Vifaranga vikamwagika majini, macho makubwa kuliko miili, vingine bado na kiini cha njano tumboni. Wasichana wa mbele walipiga kelele, kisha wote wakainamia beseni.

Sasa yeye ndiye akawa anafundisha. Mayai ya furu ni machache, akasema, kwa sababu mama anayalinda; na siku zote hizo mama hali vizuri. Akatuonyesha dume: mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye milia myeusi. Hapo nikaongezea langu, kwamba kuna furu wa milia wa mawe ya huku kwetu ambaye wanasayansi walimpa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, na leo anaitwa Pundamilia nyererei. Wakapiga makofi.

Mmoja akauliza mbona babu yake husema zamani furu walijaa kila wavu. Tukaingia kwenye sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka mno miaka ya 1980 na kuwala furu hadi aina nyingi zikatoweka. Wa kwenye mawe walinusurika zaidi. Kengele ikalia tukiwa hapo hapo. Mwalimu wa kipindi kilichofuata alikuwa mlangoni na chaki zake, naye anasikiliza.

Lakini mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Basi mimi na kijana yule tukawa tunabaki baada ya masomo: anasema kwa Kiswahili, namtafutia maneno, anaandika mwenyewe. Iliniuma, na bado inaniuma, nikifikiria wangapi kama yeye walikaa dawati la nyuma miaka minne wakihesabiwa wazito wa kuelewa.

Mtihani wa muhula ulipokuja, niliweka swali la uzazi wa samaki. Alijaza ukurasa mzima. Kiingereza chake kilikuwa bado kinachechemea, lakini hakuna alichokosea kuhusu samaki, nikampa maksi zote za swali lile.