Hapa hata sisi tumefika

Kuna maneno mtu anakwambia huku anakumiminia chai, wala hajakunja sura, halafu wewe unazunguka nayo siku sita kama mwiba wa sato umekwama kooni. Niliambiwa Jumapili, leo Ijumaa usiku, bado namezea mate.

Mnamkumbuka Dogo, yule kijana wa kikapu niliyewaandikia mwezi wa kumi na moja, kiatu namba 15, aliyezaliwa na wakimbizi wa Kongo kambini Nyarugusu na Kiswahili chake cha Kigoma kimenyooka kuliko changu. Bosi, kocha mkuu wa timu ya chuo chetu, alikuwa ananisukuma mimi msaidizi wake tangu Krismasi tumpate, nenda kwao, kaongee na mama yake, wewe ndo mwenye lugha. Na kweli kwenye kazi hii lugha ndo silaha yangu pekee maana hela hatuna, mnajua tena, chuo chetu ni Division III, ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo vya Marekani, hairuhusiwi kumpa mchezaji hata senti kwa sababu anajua kutupia mpira kikapuni. (Ukimwambia Mbongo uko Division Three anakupa pole, anadhani matokeo ya fomu foo. Mimi fomu foo nilipata three kweli, naona imeamua kunifuata mpaka Iowa.)

Basi Jumapili mchana nikaenda. Ghorofa ya pili, mlangoni viatu vya watu kama tisa vimepangwa juu ya boksi lililokunjuliwa ili theluji isiloweshe zulia, na vya Dogo vimelala upande kama mitumbwi miwili. Harufu ya sombe (kisamvu cha Kikongo) na mawese nimeikuta kwenye ngazi kabla hata sijagonga. Mama alikuwa ametoka shifti ya usiku kiwanda cha nyama, hajalala bado, kajifunga kitenge juu ya suruali ya kazi, na vidole vya mkono wa kulia havikunji vizuri, kikombe anakishika kwa viganja viwili kama mtu anayepokea zawadi. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba mwalimu, ikala.

Nikakaa. Nikaanza hotuba yangu, hotuba ninayo, nimeitoa kwenye sebule nyingi za jimbo hili. Kwamba mtoto aliyeingia kama mkimbizi anapata Pell Grant ya serikali, inafika dola 7,395 kwa mwaka na hairudishwi, mimi mwenyewe niliyekuja na viza ya mwanafunzi sikuigusa hata siku moja. Kwamba jimbo nalo lina msaada wake kwa wanaosoma vyuo binafsi. Kwamba kinachobaki chuo kinaangalia maksi na hali ya nyumbani, na Dogo maksi anazo. Kwamba hatasainishwa kitu cha kumfunga, siku akichoka mpira anaacha na msaada wake unabaki palepale. Dada yake mdogo amekaa pembeni na laptopu, yeye ndo aliyejaza fomu zote za familia ile, nikikosea jina la fomu ananisahihisha bila kuinua macho. Mama anasikiliza tu.

Sasa nikaona nipashe moto kidogo maongezi, nikasema mama mimi Mtanzania bwana, nyie mmekaa kwetu, sisi ni ndugu kabisa.

Akasema: "Tulikaaka kwenu myaka kumi na saba. Tanzania niliiona siku moja, kwa dirisha ya basi, ile siku ya kwenda kupanda ndege."

Hakusema kwa kulalamika, alisema kama mtu anakutajia bei ya sukari. Na mimi nikacheka! Sijui nilicheka nini. Nikacheka halafu nikarukia mpira, jinsi mpira unavyofungua milango, jinsi mpira unavyomtengeneza kijana, ndipo akaniuliza.

"Na weye mwalimu, ile mupira ilikupatiaka nini?"

Nikajibu haraka haraka, "Imenileta hapa, mama."

"Hapa?"

Akaangalia kochi. Akaangalia dirishani, kwenye ile parking yenye vilima vya theluji iliyosukumwa ikawa nyeusi kama mkaa. Halafu akaniangalia mimi na fulana yangu yenye nembo ya chuo.

"Hapa hata sisi tumefika. Bila mupira." Akasogeza sufuria dogo. "Kunywa chai, inapoa."

Basi. Ni hayo tu. Dogo kacheka, dada mtu kacheka, mimi nimecheka, chai nimekunywa, sombe nimekula mpaka nimelegeza mkanda, nimefungiwa na ya kubeba. Lakini nilipofika kwenye gari sikuwasha. Nilikaa kama dakika kumi naangalia pumzi yangu inaganda kwenye kioo.

Jumatatu bosi katuita ofisini katangaza anastaafu msimu ukiisha, miaka 27 hapo hapo, watu wamelia, Jumanne tumefungwa nyumbani. Mimi niko kwenye "hapa?" tu. Yaani ile hapa yake ilikuwa na mkia, ilipanda juu mwishoni. Na ile -aka ya Wakongo, ilikupatiaka, si swali la siku moja lile, ni swali la miaka yote kwa jumla, toa hesabu yote.

Jumatano safari ya Storm Lake, kaskazini magharibi huko, masaa manne kwa basi na barabara yenyewe hii ya 20, upepo unavusha theluji kavu juu ya lami kama vumbi la Shinyanga mwezi wa nane, nje nyuzi 20 chini ya sifuri. Tulisimama Casey's vijana wakapanga foleni ya piza, si mnajua ni petrol stesheni lakini piza yake hapa wanaisifia kama sisi tunavyosifia chipsi mayai ya kijiweni. Mimi kazi yangu kuhesabu vichwa na kutunza risiti. Point guard wetu mdogo kavua soksi kaziweka juu ya hita ya basi, basi zima linanuka, watu wanapiga kelele, na mimi niko dirishani natafuta majibu ambayo ningempa yule mama.

Jibu la kwanza, digrii. Mpira umenipa digrii. Ila hapo ndo paliponiuma zaidi, maana nilipoanza kulipanga vizuri nikagundua nilimdanganya mama wa watu. Mpira haukunileta hapa. Nilisoma Division III mimi, hakuna aliyenilipia kwa kucheza. Mzee aliuza kiwanja chake cha Nyegezi, kile chenye mwembe, ndo nikapata ada ya mwaka wa kwanza na tiketi. Kiwanja ndo kilinileta Marekani, lakini si kiwanja cha mpira. Miaka yote hii nikiulizwa na watu wa huku nasema "basketball" kwa sababu inasikika vizuri, wanafurahi, wananiuliza habari za Hasheem Thabeet. Hakuna anayeuliza habari za mwembe.

Jibu la pili basi, Hasheem mwenyewe. Mwaka 2009 mtoto wa Dar, wa Makongo, kachaguliwa namba mbili kati ya wachezaji wapya wa NBA, namba tatu alikuwa James Harden na Stephen Curry yuko huko namba saba! Sisi tuko Mirongo, Mwanza, kiwanja cha saruji, ringi moja imepinda, tukasema sasa njia imefunguka. Tulikuwa tunaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia mpaka Capri Point. Kumbe njia yenyewe ilikuwa na upana wa mtu wa mita 2 na sentimita 21, mimi nina mita 1 na 83 nikivaa raba. Mpira ulinipatiaka ndoto, mama. Hilo nalo ukimwambia mtu ametoka kukata nyama usiku kucha si atakurudishia sufuria usoni.

Jibu la tatu, marafiki. La nne, nidhamu. Hilo la nidhamu hata mwenyewe nililiona linatoka kwenye brosha.

Tumefungwa Storm Lake kwa 19. Kurudi tumefika saa tisa usiku, mama watoto kanikuta jikoni nimesimama nakula sombe ya baridi kwenye kontena, akasema bado tu? Nikasema bado. Akasema si umwambie tu ukweli. Akarudi kulala. Kwake kila kitu rahisi.

Sasa jana, Alhamisi, gemu la shule ya Dogo. Nikaenda peke yangu, nikapanda juu kabisa kwenye ngazi kama kawaida yetu, daftari mapajani. Jimu za hapa kijijini mnazijua, wazee wa mji mzima wamo, kuna bibi anauza popcorn, bendi ya shule inapiga mpaka meno yanatikisika. Kwota ya pili nikamwona mama. Hakukaa na wazazi wengine, kakaa mwisho wa benchi karibu na mlango wa dharura, buti za kazi miguuni, koti hajavua, mkoba kaukumbatia kama yuko kwenye daladala ya Buzuruga. Dada mtu akanionyesha kwa mbali kidole kimoja juu, maana yake mara ya kwanza. Mara ya kwanza mama anakuja kumwona mwanae anacheza!

Kwota ya tatu jamaa mmoja mnene wa timu pinzani anakuja mbio, Dogo kasimama njiani, kifua wazi, mikono chini, akapigwa akaenda chini chali, puuu, ngazi zimetetemeka. Refa filimbi, faulo ya yule mnene, jimu nzima imesimama inapiga makofi. Na mama kasimama. Lakini yeye anashuka! Anashuka na mkoba wake mpaka kwenye mstari, dada mtu anamvuta koti, Dogo yuko chini ananyanyuliwa na wenzake huku anacheka, akamwona mama yake pale pembeni ya mstari, sura aliyoifanya yule mtoto sijui niielezeeje. Alifunika uso kwa fulana. Nilicheka mpaka machozi, kocha wa shule jirani akaniuliza kama niko sawa.

Kabla gemu haijaisha kanuni haziniruhusu kumfuata Dogo, na mimi kanuni naziheshimu, nikakaa kimya mpaka mwisho. Mama ndo akanifuata mlangoni.

"Mwalimu, mutoto anaanguka, batu banapiga makofi. Hawa ni batu gani?"

Nikamweleza kwamba ukisimama mahali pako kabla ya mwenzio, akikugonga ni kosa lake, na timu yako inapewa mpira. Akafikiri. Akasema kwa hiyo kusimama tu, bila kufanya kitu, unapata? Nikasema ndiyo mama. Akatikisa kichwa kama ameambiwa Wamarekani wanakula mchanga.

Halafu akanikazia macho. "Na jibu yangu?"

"Jibu gani mama?"

"Siku ya Mungu nilikuuliza. Haukunijibu."

Jamani. Alikuwa anauliza! Siku tano nimebeba lile neno kama tusi, kumbe mwenzangu alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza mbegu hii inazaa au haizai, na alikuwa bado anasubiri. Mtoto wake ana miaka 18, ana barua ya chuo kingine cha miaka miwili kinachotaka kumlipia, na mbele yake kuna mtu mzima aliyepita njia hiyo hiyo. Kwa nini asiulize?

Majibu yangu yote ya kwenye basi yakapotea. Nikamwambia, mama, ilinipatia magoti mabovu. Na imenionyesha Iowa yote, kwa dirisha la basi.

Akanipiga begani kwa ule mkono usiokunja vidole. "Weye!" Akacheka mpaka akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge, akageuka akamsimulia binti kwa Kibembe, lugha ya kwao, binti naye akacheka, wakatoka nje kwenye baridi bado wanacheka na mimi nimeshika mlango wazi kama mlinzi. Habari ya mwembe sikumwambia. Nilikuwa nayo mdomoni.

Dogo bado hajaamua. Ile barua mezani kwao siwezi kushindana nayo, na ningekuwa mama yake sijui ningesemaje. Bosi kanitumia meseji leo anauliza "vipi?" nimemjibu "bado".

Nilitaka nimpigie Mzee nimwulize kama kile kiwanja anakikumbuka, sikuwahi kumwuliza kama alijuta. Kwao saa hizi asubuhi, ni masaa tisa mbele, huwa ameshaamka anasikiliza redio. Simu haipatikani tangu jana. Dada yangu naye ujumbe umeonyesha tiki moja tu. Labda umeme. Wiki iliyopita Mzee alisema betri ya simu yake imevimba, nikamwambia nitatuma hela anunue nyingine, na sijatuma.