Vespa PX: jeti ya Mbeya, jeti ya Kyela

Vespa hutoka Pontedera, Italia, mji ulio bondeni karibu kabisa na usawa wa bahari. Kampuni ya Piaggio ilianza kuiunda hapo mwaka 1946, na toleo la PX likaja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mbeya mjini uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ni nyepesi. Hapo ndipo lilipo tatizo la PX 150 nyingi za huku juu: haivuti mlimani, moshi mweusi, plagi inajaa masizi kila baada ya siku chache. Fundi aliyezoea bodaboda za siku hizi atabadilisha plagi, baadaye ringi, mwisho atafungua silinda. Wakati huo kosa limekaa kwenye jeti, kipande cha shaba kisichozidi punje ya mahindi, chenye tundu linalopitisha petroli ndani ya kabureta.

Kabureta ya PX 150 ni Dell'Orto SI 20/20. Funga koki ya petroli, toa kifuniko cha injini cha upande wa kulia, kisha mfuniko wa sanduku la kabureta wenye skrubu mbili, kisha chujio la hewa. Ukitazama kutoka juu utaona vichwa viwili vya shaba. Kidogo ni jeti ya sailensa, yaani ya mwendo wa chini, injini inapounguruma bila kufunguliwa mafuta, na kwa kawaida ina namba 48/160. Kikubwa ni jeti kuu, nayo ni mkusanyiko wa vipande vitatu: cha juu cha hewa chenye namba 160, mrija wa kuchanganyia wenye herufi BE3, na chini kabisa jeti ya petroli yenyewe. Tumia bisibisi pana inayojaa mfereji wote, maana shaba ni laini na ukiuvunja mfereji huo utalia.

Namba iliyochongwa kwenye jeti ya petroli ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. 100 ni tundu la milimita 1.00. PX 150 nyingi zilitoka kiwandani na 100 au namba iliyo jirani yake. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na ukipiga hesabu ya kabureta, tundu linahitaji kupungua kama asilimia 4. Kwa hiyo jeti ya Mbeya ni 96. Anza na 98, endesha, kisha shuka hadi 96. Usiruke moja kwa moja hadi 92 kwa sababu kijana wa kijiweni kasema itakula mafuta kidogo. Itakula kidogo kweli, halafu itakula pistoni.

Kupima kama umepatia: injini ikiwa imepata moto, tafuta barabara tambarare isiyo na malori, shika gia ya tatu, fungua mafuta yote kwa kama kilomita moja, kisha zima kwa ufunguo na uvute klachi papo hapo. Usiiache irudi sailensa kabla ya kuzima, la sivyo plagi itakuonyesha sailensa. Fungua plagi. Rangi ya chokoleti ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli ni nyingi. Nyeupe ni hatari, rudisha jeti kubwa leo hii. Plagi yenyewe iwe ya shingo fupi, NGK B7HS au B6HS, nafasi milimita 0.6. Plagi ndefu za magari zina uzi uleule wa milimita 14 na zinaingia vizuri kabisa, mpaka zigonge kichwa cha pistoni.

Skrubu ya mchanganyiko iko nyuma ya sanduku. Ifunge polepole mpaka ikae bila kulazimisha, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa ya moto, izungushe robo robo mpaka sailensa iwe laini. Jeti iliyoziba pulizia kwa pampu. Waya wa breki usiingie humo hata siku moja, maana unapanua tundu na namba iliyoandikwa inakuwa uongo.

Sasa mteremko, ambao ndio unaoua injini nyingi. Kutoka Uyole barabara hupanda hadi Isongole, zaidi ya mita 2,000, kisha inashuka kupitia Tukuyu mpaka Kyela, mita 500 hivi. Ukiwa na 96 uliyoipima Mbeya, hewa ya Kyela ni nzito zaidi, na petroli ile ile haitoshi tena. Joto la huko linaipunguza hewa uzito kidogo, lakini halifuti tofauti, na linaongeza moto kwenye silinda inayopozwa na upepo tu. Beba jeti 98 na 100 kwenye kopo dogo la plastiki. Tukuyu ni mahali pazuri pa kubadilisha: injini ipoe dakika 20, kazi yenyewe haizidi dakika 10. Kwa safari ya siku moja, 98 huku na huku inavumilika. Itakuwa nzito kidogo Isongole, basi.

Hatari ya pili haihusu jeti. Injini ya Vespa hii ni ya 2T, yaani ya mipigo miwili, na hupata oili kupitia petroli. Ukifunga mafuta ukaiacha Vespa ishuke kwa gia ya pili ikipiga kelele, shafti inazunguka kwa kasi na oili karibu hakuna. Kila baada ya sekunde chache vuta klachi na upige mafuta kidogo, au shuka huku mkono umefungua kidogo na breki ndiyo inashika. Mteremko wa Kitonga ni hivyo hivyo kwa anayetoka Iringa kwenda Morogoro, tena huko kuna malori mgongoni. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikae kwenye klachi muda wote. Dalili ya pistoni kutaka kukamata ni sauti kuwa kavu na chombo kupungua mwendo kama mtu kashika breki. Vuta klachi hapo hapo, jisogeze pembeni, subiri. Usimwagie maji.

Lakini ukiwa na jeti sahihi na tairi nzuri, kipande kile cha mashamba ya chai ya Rungwe, gia ya tatu, mwendo wa 50, hakina mfano. Vespa haikimbizwi.

Oili: kwa PX isiyo na pampu ya oili, asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa za mifugo linamaliza ubishi: bomba moja, lita moja. Tangi ni lita 8, kwa hiyo tangi tupu ni mabomba manane. Tanguliza oili, kisha petroli, halafu itikise Vespa kidogo. Wapo wanaoamini kuongeza mpaka asilimia 5 ni kuilinda injini. Kinachotokea ni ekzosi kuziba kwa masizi, na kila tone la ziada la oili limechukua nafasi ya petroli, kwa hiyo mchanganyiko unakonda badala ya kunona.

Aina ya oili ina maana. Mafinga na Sao Hill, kwenye kazi ya mbao, oili ya 2T ya mashine za kukatia miti inapatikana, na hiyo inafaa kwa sababu mashine zile nazo hupozwa na upepo. Ukishuka ziwani utakuta oili ya injini za boti. Hiyo imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, isiyofika joto la silinda ya Vespa. Iache huko huko.

Kama umebadilisha jeti na bado haitulii, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Dalili: ukiachia mafuta, mzunguko unabaki juu kabla ya kushuka, na skrubu ya mchanganyiko ukiizungusha haileti badiliko. Angalia gasketi chini ya kabureta kwanza. Bolti zake mbili ndefu zisikazwe kwa nguvu za kufungia lori. Kabureta hupinda na mlango wake unaanza kunata. Gasketi ikiwa nzima, mshukiwa ni oili sili ya upande wa sumaku. Ya upande wa klachi ikifa dalili ni nyingine: moshi mzito mweupe na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Mara nyingine oili hiyo huongezeka na kunuka petroli. Ni sili ile ile.

Oili ya gia ni SAE 30, mililita 250, spana namba 11. Imwage injini ikiwa ya moto, jaza mpaka usawa wa tundu Vespa ikiwa imesimama wima. Gia ikianza kuruka, kaza waya za gia kabla ya kuusingizia msalaba, kile kipande cha ndani kinachoshika gia: waya ukilegea, msalaba hauingii wote kwenye gia na kingo zake zinasagika. Ukichelewa, basi ni kweli msalaba, na injini inafunguliwa nusu mbili.

Nati kubwa ya gurudumu la nyuma ikaguliwe kila mwezi. Shika tairi, litikise. Likicheza, acha kuendesha, maana meno ya ngoma yanakatika. Pini yake iwe mpya kila ukifungua.

Mwisho, pancha. Tairi ni 3.50-10, ya bajaji ni 4.00-8 na haiingii. Nati tano zinashika gurudumu kwenye ngoma, na tano nyingine zinaunganisha rimu, ambayo ni vipande viwili. Fundi wa pancha asiyeijua Vespa anaweza kuzifungua hizo za pili upepo ukiwa ndani, na rimu ikamrukia usoni. Toa upepo wote, toa na sindano ya vali, ndipo spana namba 13 iguse rimu. Ukirudisha, paundi 18 mbele, 26 nyuma ukiwa peke yako, 36 ukibeba mtu.