RAM ipo tele, lakini majaribio yanafeli kwa kukosa RAM

Kwenye seva zetu za kujengea programu, ambazo tunaziendesha wenyewe, majaribio ya Python yalianza kufeli kwa ujumbe huu: `OSError: [Errno 12] Cannot allocate memory`. Seva ina RAM ya GB 64, na nikiendesha `free -h` katikati ya kazi naona karibu nusu haijaguswa.

Wenzangu waliishuku OOM killer, sehemu ya Linux inayoua michakato RAM inapoisha. Mimi nilisita, kwa sababu hiyo huacha alama: `dmesg` huandika "Out of memory: Killed process", na kazi hutoka na namba 137, yaani 128 jumlisha 9 ya SIGKILL. Hapa `dmesg` ilikuwa kimya. Hakuna aliyeuawa, kuna aliyeomba akanyimwa.

Nikafungua `/proc/meminfo` na kutazama mistari miwili ambayo wengi huipita, CommitLimit (ukomo wa kumbukumbu inayoweza kuahidiwa) na Committed_AS (iliyokwisha kuahidiwa). Wa kwanza ulisoma GB 31 na ushee, wa pili ulikuwa unakaribia kuugusa. Kisha `sysctl vm.overcommit_memory` ikajibu: 2.

Kawaida thamani hiyo huwa 0, na kerneli, yaani kiini cha Linux, huahidi kumbukumbu zaidi ya iliyonayo, kama mhazini wa kikoba anayejua wanachama hawatachukua akiba zote siku moja. Ikiwa 2, ahadi zina ukomo: swapu yote pamoja na asilimia ya RAM iliyoandikwa kwenye `vm.overcommit_ratio`, ambayo ni 50 usipoibadilisha. Seva yetu haina swapu, kwa hiyo tulibaki na nusu. Sasa chukua mchakato wa Python wenye GB 3 unaozaa wana 8 kwa fork, yaani kwa kujinakili. Kurasa zao ni za pamoja hadi mmoja aandike, lakini kerneli inahesabu ahadi mpya za GB 24 papo hapo.

Thamani ile ilikuwa kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d`, iliyobaki tangu mashine ilipokuwa ya PostgreSQL. Mwongozo wa PostgreSQL wenyewe unaishauri, na kwa hifadhidata ni ushauri mzuri. Majaribio yetu huendeshwa ndani ya kontena, na kontena hutumia kerneli ya mashine iliyomo pamoja na mipangilio yake, ndiyo maana imeji ileile ilipita bila shida kwenye laptopu zetu.

Nilijaribu kwanza `sysctl -w vm.overcommit_memory=0`, inayofanya kazi bila kuwasha mashine upya. Majaribio yakapita, nikarekebisha faili. Kuishia hapo nisingemshauri mtu, maana 0 inaikaribisha OOM killer. Kila kontena nimeiwekea ukomo wa kumbukumbu kwa `--memory`, na huduma ya wakala anayepokea kazi nimeipa `OOMScoreAdjust=-500` kwenye systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ili isiwe ya kwanza kuuawa. Kazi yenye ulafi sasa inakufa peke yake kwa 137, na `memory.events` ya cgroup yake (kundi ambalo kerneli hulipimia matumizi) inaonyesha oom_kill imepanda.