Maji Meusi ya Rejeta

Nyumba tunayoishi, nje kidogo ya mji wa Njombe, ina kitu ambacho wageni wetu wengi kutoka Dar es Salaam hukiona kwa mara ya kwanza sebuleni kwetu: rejeta za kupashia vyumba joto kwa maji ya moto, za chuma cha kusubu, nzito kiasi cha kuwahangaisha wanaume wanne, zilizounganishwa kwa mabomba ya chuma na boila ya kuni, yaani tangi la kupashia maji moto, iliyojengewa nyuma ya jiko. Mzungu aliyeijenga nyumba aliondoka zamani, marehemu baba akainunua, nami nimeirithi pamoja na rejeta zake tano na matatizo yake yote. Wageni huuliza kama ni rejeta za gari. Kazi ni ileile, isipokuwa kwamba ya gari hutupa joto lisilotakiwa, na hizi hutupa joto tunalolitamani kuanzia Juni hadi Agosti, wakati ambapo asubuhi nyingine nyasi za bondeni huamka nyeupe kwa sakitu.

Mfumo wetu hauna pampu wala hautegemei umeme. Lita moja ya maji yenye nyuzi 80 ni nyepesi kwa takribani gramu 16 kuliko lita yenye nyuzi 50, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoyapandisha maji ya moto kutoka kwenye boila na kuyarudisha yaliyopoa kupitia bomba la chini. Kwa kuwa nguvu yenyewe ni ndogo hivyo, mabomba yanapaswa kuwa mapana na kupanda mfululizo bila kubonyea popote, kwa maana kila mahali bomba linapoinuka kisha kushuka, hewa hukaa hapo na maji hayapiti. Fundi mmoja aliyebadilisha kipande cha bomba kwenye korido aliacha kigongo cha urefu wa vidole viwili tu, na vyumba viwili vikakosa joto kipupwe kizima.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, nililifanya mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilifungua koki ya chini ya boila nikaona maji meusi kama wino yakitoka, nikaamini kwamba nimegundua ugonjwa. Nikayamwaga yote, nikajaza maji safi, na kwa kuwa baada ya wiki chache yalikuwa meusi tena, nikarudia zoezi hilo kila mwezi kwa bidii ya mtu anayeosha sufuria. Rejeta ya chumba cha nyuma ikaanza kuwa baridi juu na vuguvugu chini. Nikatoa upepo kwa ufunguo wake mdogo wa pembe nne, ikapona. Baada ya siku tatu ikarudia hali yake.

Mzee mmoja fundi bomba, ambaye aliwahi kuhudumia mifumo ya namna hii ujanani, aliniuliza swali moja tu baada ya salamu: “Mwanangu, maji haya yana umri gani?” Nilipomjibu kwamba yana wiki mbili, alitikisa kichwa.

Jambo lenyewe ni hili. Maji safi ya bomba huja na oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, na oksijeni hiyo ndiyo inayokula chuma. Maji yakishapashwa moto mara kadhaa, sehemu ya hewa hiyo hutoka, na iliyobaki humalizwa na kutu. Baada ya hapo maji huwa meusi na mabaya kuyatazama, lakini hayana tena nguvu ya kukidhuru chuma kwa kasi ileile. Mimi, kwa usafi wangu, nilikuwa nikikilisha chuma oksijeni mpya kila mwezi. Hata gesi iliyojikusanya kwenye rejeta ya nyuma haikuwa lazima iwe hewa ya kawaida, kwa sababu chuma kinapopata kutu ndani ya maji yasiyo na oksijeni huweza kutoa haidrojeni, ambayo huwaka. Ninalisema hili kwa ajili ya wale wanaotoa upepo usiku umeme ukiwa umekatika: tumieni tochi, msitumie mshumaa.

Niliacha kumwaga, lakini upepo uliendelea kujaa, kumaanisha kwamba maji mapya yalikuwa yakiingia kwa njia nyingine. Tangi dogo lililo darini, linaloulisha mfumo maji, lina boya linalojaza lenyewe kila kiwango kinaposhuka, na boya ni msaidizi anayeficha siri, kwani mfumo unaweza kuvuja mwaka mzima na mwenye nyumba asijue. Nililifunga boya kwa kamba, nikaweka alama ya rangi kwenye ukuta wa tangi boila ikiwa imepoa, kisha nikapima tena siku ya pili ikiwa imepoa vilevile. Kupima pakiwa baridi ni muhimu: lita 100 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 80 huongezeka karibu lita 3, na ongezeko hilo humdanganya mpimaji. Kiwango kilikuwa kimeshuka vidole vitatu.

Nilitafuta tone jioni, jiko likiwaka, nisilione. Nililiona alfajiri, kabla ya kuwasha moto, kwenye nati ya rejeta ileile ya chumba cha nyuma. Mchana bomba la moto lilikuwa likilikausha kabla halijadondoka, likiacha doa la kahawia tu ambalo sote tulidhani ni rangi ya zamani. Tulifungua nati, tukasafisha nyuzi zake, tukazungushia katani iliyopakwa rangi, tukakaza kwa spana. Kazi ya nusu saa, baada ya miaka miwili ya kuhangaika.

Rejeta ya sebuleni ilikuwa na tatizo la kinyume: moto juu, baridi chini katikati. Hiyo si hewa, ni tope la kutu lililotuama. Sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ililivuta tope hilo mpaka likaota kama manyoya. Rejeta kama hiyo hutolewa ukutani, ikapelekwa nje na kusukumwa maji kwa mpira kutoka upande wa pili hadi yatoke meupe, na hapo ndipo ninapokubali maji mapya yaingie.

Kuna bomba moja ambalo halipaswi kuguswa kwa sababu yoyote, nalo ni lile la kupumulia linalopanda kutoka kwenye boila na kuishia wazi juu ya tangi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka huku kwenye nyuzi kama 93. Kwa hiyo anayezidisha kuni atasikia boila ikigonga na kuona bomba hilo likitema mvuke mapema kuliko mtu wa pwani anavyotarajia. Kuliziba ili lisitapike maji ni kuigeuza boila kuwa bomu.

Kuhusu kuni sina mengi: miwati iliyopasuliwa na kukauka chini ya paa tangu kipupwe kilichopita. Mkaratusi mbichi hujaza dohani lami, moshi ukarudi ndani, na moshi huo una kaboni monoksaidi ileile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Dohani yangu naisugua kila Mei.

Boya bado limefungwa kwa kamba. Tangu Mei hadi leo, Agosti inapokatika, nimeongeza maji mara mbili, jagi moja kila mara, na rejeta ya chumba cha nyuma sijaifungua upepo tangu tulipokaza ile nati.