Mjane wa Kabila la Asheri

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kalenda ya Kanisa humkumbuka Ana siku arobaini baada ya Krismasi, tarehe 2 Februari, siku ya kukumbuka Bwana Yesu alipotolewa kwa Mungu hekaluni. Kwa wengi wetu siku hizo ada za shule zimeshatumaliza na hamu ya sikukuu imepoa. Ndiyo maana nimemleta mapema, tukiwa bado katika Majilio. Somo ni Luka 2:22–38.

Luka anampa mistari mitatu tu. Ana ni nabii, binti Fanueli, wa kabila la Asheri. Alikaa na mume miaka saba, sasa ni mjane wa miaka 84. Haondoki hekaluni, anafunga na kuomba usiku na mchana.

Nianze na hilo la kabila, kwa kuwa huwa tunalisoma mbiombio. Asheri walikuwa watu wa kaskazini. Mwaka 722 K.K. Waashuru waliuteka Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini wa Israeli, wakawahamisha watu wa ufalme ule, na makabila ya huko yakahesabiwa kuwa yamepotea. Sasa huyu bibi Mwasheri ametokea wapi Yerusalemu? 2 Mambo ya Nyakati 30 inatupa fununu. Mfalme Hezekia wa Yuda, ufalme wa kusini, alipotuma watu kaskazini kualika walioko huko kuja Pasaka, wengi waliwacheka wale wajumbe, ila baadhi ya Asheri, Manase na Zabuloni walijinyenyekeza wakaja. Huenda ukoo wa Fanueli ulitoka kwa wachache hao. Hata kama walipitia njia nyingine, miaka 700 na ushee ilikuwa imepita na bado nyumbani kwao mtoto alikuwa akiambiwa: sisi ni Waasheri. Watu waliokata tamaa hawatunzi jina namna hiyo. Kungoja Ana alikurithi, akakuendeleza.

Tupige na hesabu kidogo. Tukiichukua 84 kuwa ndiyo miaka yake, basi Pompey, jemadari wa Roma, alipouteka Yerusalemu mwaka 63 K.K. na kuingia hadi Patakatifu pa Patakatifu, Ana alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, na kwa desturi ya wakati ule ya kuoza mabinti wakiwa wadogo, yaelekea alikuwa tayari mjane. Ameishi akaona Roma inampa Herode ufalme. Kisha Herode akaanza kulijenga upya hekalu, yapata mwaka 20 K.K., na kazi ile ilikuwa haijaisha hata Yesu alipokuwa mtu mzima. Yohana 2:20 inataja miaka 46. Picha zetu humwonyesha Ana mahali pa utulivu, nguzo safi na mwanga laini. Mimi namwona akiomba katikati ya vumbi na nyundo za waashi, katika jengo lililojengwa na mfalme katili, huku Roma ikitawala. Pale pale ndipo alipokaa kila siku.

Halafu akapewa nini? Mtoto wa siku arobaini, shingo haijakaza, mikononi mwa wazazi wasiomudu mwana-kondoo. Sheria katika Walawi 12:8 ilimruhusu mama asiye na uwezo kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na ndiyo sadaka ya maskini anayoitaja Luka. Simeoni, mcha Mungu aliyekuwa naye akingoja, anampakata mtoto na kusema, “macho yangu yameuona wokovu wako.” (Kwa njia, Luka hasemi popote kwamba Simeoni alikuwa mzee. Tumezoea tu.) Lakini jioni ile hakuna askari wa Roma aliyefungasha. Herode alibaki kitini, na Mathayo anatuambia alichowafanyia watoto wa Bethlehemu. Simeoni mwenyewe hakumficha Mariamu habari ya upanga utakaoingia moyoni mwake.

Pamoja na hayo yote, Ana anamshukuru Mungu na kuanza kuwaambia watu. Hapo ndipo nasimama. Ushuhuda wetu kanisani una desturi ya kuanza jambo likishakwisha: kazi imepatikana, mtoto amezaliwa, kesi tumeshinda. Ana anashuhudia jambo ndiyo kwanza linaanza, na kwa umri ule msalaba na kaburi tupu vilikuwa mbali naye kwa miaka thelathini na zaidi. Alichokiona kilimtosha kufungua kinywa.

Tena hakuwa peke yake. Aliwaambia “wote waliokuwa wakiutarajia ukombozi.” Maana yake walikuwepo, na aliwajua ni akina nani.

Nina tahadhari moja. Habari hii isigeuzwe kuwa kitulizo cha bei rahisi. Mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu za marehemu mumewe asiambiwe “mngoje Bwana” na watu wanaoweza kuandamana naye hadi kwenye baraza kutoa ushahidi. Mungu aliyengojewa na Ana ndiye awafanyiaye yatima na mjane hukumu ya haki, Kumbukumbu la Torati 10:18. Kumngoja yeye na kukaa kimya mbele ya dhuluma haviendi pamoja.

Juma hili tutakapokutana katika jumuiya zetu, tusianze na somo. Kila jumuiya ina mama mzee mmoja anayewahi kuliko wote na asiyeombwa kamwe kusema neno. Mara nyingi tunamkumbuka tunapogawa sukari na sabuni. Tumpe nafasi ya kwanza. Tumuulize ni jambo gani analoliombea kwa miaka mingi, na ni akina nani wanaoliomba pamoja naye. Kisha tupige magoti tuliombe hilo hilo, kabla ya maombi yetu mengine yote.