Kijivu cha Pissarro

Leo nimepaka anga, na nimeamua lisiguswe tena mpaka likauke. Tangu nianze kujifunza rangi za mafuta sijawahi kufurahia kijivu kiasi hiki.

Picha ninayoinakili ni ya mchoraji Camille Pissarro: barabara ya Boulevard Montmartre, jijini Paris, asubuhi ya majira ya baridi, mwaka 1897. Yenyewe iko New York, kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, nao wameiweka mtandaoni kwa ukubwa unaokuwezesha kuona brashi ilipopita. Naivuta mpaka kipande kidogo tu kijaze kioo cha kompyuta, nakitazama weee, ndipo nachovya brashi.

Ukiiona kwa mbali unadhani ni kijivu kitupu. Isogelee: huku zambarau hafifu, kule krimu, na buluu imepita katikati. Nami sijagusa rangi nyeusi kabisa. Nachukua buluu ya ultramarini na kahawia nyekundu ya siena, nazikutanisha kwenye kibao, naongeza nyeupe kidogo kidogo. Buluu ikizidi, kijivu kinapoa; kahawia ikizidi, kinapata joto. Nimekaa asubuhi nzima nikisogeza rangi mbili hizo huku na huku, na kila nikidhani nimevipata vijivu vyote, kinatokea kingine.

Pissarro alikuwa na miaka 66. Jicho lilikuwa likimsumbua kwa muda mrefu, na upepo na vumbi la nje havikumfaa, kwa hiyo alichukua chumba Grand Hôtel de Russie akawa anachora kutokea dirishani. Kuanzia Februari hadi Aprili aliichora barabara hiyo mara 14: jua, mvua, ukungu, hata usiku. Katika barua yake ya wakati ule alitaja magari ya farasi, watu, miti mikubwa, na majumba makubwa ambayo lazima yanyooshwe. Hilo la majumba nalielewa vizuri sana sasa! Mistari ya paa na madirisha yote inakimbilia mbali kule barabara inakoishia, na ukilegeza mmoja mtaa mzima unalala upande.

Lakini kinachonishika zaidi ni watu. Mtu mmoja kwenye ukingo wa barabara ni mpigo mmoja wima wa buluu nzito na kidoti juu yake, basi. Hana uso, hana mikono, na bado unaona kabisa kwamba anawahi mahali. Siri iko kwenye uzito wa rangi: mpigo uwe mzito kiasi tu kuliko barabara inayomzunguka. Ukikoza kupita hapo anageuka nguzo.

Tabaka la chini nililipaka jepesi, kwa rangi niliyoizimua kwa tapentaini. Haya ya juu yanapata mafuta ya kitani zaidi, maana mafuta mengi yakitangulia chini, rangi itakuja kupasuka. Kwa hiyo sasa ni kusubiri. Miti inafuata, na matawi yake yasiyo na majani nitayapitisha kwa brashi kavu juu ya anga.

Baada ya hii nataka ile ya usiku, iliyoko kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London, ya pekee ya usiku kati ya zote 14. Taa zinang'aa juu ya barabara iliyolowa na anga ni giza tupu. Nina hamu kubwa ya kuona kama buluu yangu na siena zitafika huko bila kuazima nyeusi.