Wewe na Yeye Peke Yenu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki tatu sikupata usingizi, na wengi wenu mnajua sababu, maana niliwaambia nyote. Jirani yangu hapa Rau, Moshi, ana mbwa watatu. Kati ya uani kwake na dirisha langu la chumbani kuna mstari tu wa masale, mimea tunayopanda mpakani, na hatua kama kumi. Bodaboda ikipita saa nane usiku, anaanza yule mweusi, sauti kavu kama mtu mwenye kikohozi. Wa pili anamjibu. Wa tatu habweki. Huyo anavuta sauti ndefu ya kulia, ile wazee wetu waliyosema ni uchuro. Wakinyamaza nabaki macho nasubiri waanze tena, na huko kusubiri kunachosha kuliko kelele zenyewe. Zaburi ya 127 inasema Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Kuna usiku nilimuuliza kama mimi amenisahau.

Sasa niungame. Jumatano iliyopita jumuiyani, tulipofika kwenye mahitaji ya maombi, nilisimama nikasema mniombee jirani yangu, Bwana amguse. Mkaniombea. (Mama mmoja alikemea mpaka roho ya uchuro, Mungu ambariki.) Kisha kwenye chai nikamalizia hadithi: kwamba kijana yule ana hela za watalii, hajali watu, kanisani haonekani. Kufika Ijumaa balozi wa nyumba kumi ameshasikia, na mwenye genge la mboga ameshasikia. Huyo wa genge ndiye aliyenipa dawa: "Bibi, weka sumu ya panya kwenye utumbo, rusha pale, asubuhi kimya."

Nilicheka. Lakini jioni ile nilipita duka la pembejeo, na macho yangu yakaenda yenyewe kwenye rafu ya sumu. Sikununua. Nilisimama tu, mikono nyuma, kama mtu anayesoma bei. Mimi, mzee wa kanisa.

Nilipofika nyumbani nilifungua Walawi 19. Mstari wa 18 tunaupenda, tunausema hata usingizini: umpende jirani yako kama nafsi yako. Lakini soma wa 17 unaoutangulia: "Usimchukie ndugu yako moyoni mwako; usiache kumkemea jirani yako, usije ukachukua dhambi kwa ajili yake." Lililonichoma ni lile "usiache". Nilikuwa nimemwambia Mungu, jumuiya, balozi na mwenye genge. Mtu mmoja tu mtaa mzima hakuwa na habari: mwenye mbwa.

Wapendwa, hapa niwaseme, na nijiseme mimi wa kwanza. Tumegeuza maombi kuwa mahali pa kusengenyana. Tunafumba macho ndipo tunamtaja mtu. Bwana Yesu katika Mathayo 18 ameweka utaratibu ambao hata mtoto wa kipaimara anaujua: enenda kwake, wewe na yeye peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Sisi tunaanzia kanisani, tunashuka kwa wawili watatu, na mwenyewe tunamwacha ayasikie Kiboriloni siku ya soko. Halafu tunajiita wapole. "Mimi sitaki ugomvi na mtu." Huo si upole, ni woga, na nyuma ya woga huo kuna ujanja: nataka nibaki mwema machoni pake huku namchafua mgongoni. Kila tukionana asubuhi kijana yule ananiamkia, naitikia marahaba, ananiuliza nimelalaje, namjibu salama. Nilimdanganya asubuhi ngapi?

Na wewe unayesoma, si lazima iwe mbwa. Ni wifi yako ambaye hamsemeshani tangu msibani. Ni ndugu yako na mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Unamwombea miaka miwili, lakini mlango wake hujaugonga. Inuka uende. Akikataa, balozi yupo na mtendaji yupo, wala si dhambi kufika kwao, ila usiwaanze wao.

Wazee wetu wa Kichagga walipokwenda kuomba radhi walishika jani la isale, wakatembea nalo mpaka mlangoni kwa waliyemkosea. Isale hilo hilo ndilo walilopanda mpakani. Jumamosi asubuhi nilikata jani moja pale kwenye mpaka wetu nikaingia kwake. Kijana alipoliona mkononi mwangu alishtuka, akaweka chini ndoo ya kuoshea gari.

"Shikamoo mama. Kuna nini tena?"

Nilimweleza ya mbwa. Hakuwa na habari kabisa. Anaendesha wageni, Ngorongoro, Serengeti, msimu huu analala huko siku sita. Akiwa nyumbani mbwa wanalala mlangoni pake wametulia. Akiondoka wanafungwa minyororo, kijana wa kuwalisha anapita mara moja jioni, basi. "Mbona hukuniambia, mama?" Sikuwa na jibu. Ikabidi nimwambie na lile lingine, yale niliyoyasema juu yake. Hilo lilikuwa gumu kuliko mbwa. Alinyamaza muda mrefu, akalipokea isale, akalichomeka kwenye nondo za dirisha.

Kisha akanipeleka nyuma. Yule mweusi alikuwa na mduara shingoni usio na manyoya, ngozi imekauka kwa mnyororo. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake, nami wiki tatu niliangalia masikio yangu tu.

Banda amelihamishia upande wa barabarani, na minyororo ameitoa ili wazunguke ndani ya uzio usiku. Jumatatu amesafiri tena, ameniachia ufunguo. Jana usiku mweusi alibweka mara mbili, bodaboda ikapita, nikalala. Sasa hivi ugali wa dona na dagaa uko jikoni unapoa, nikiweka kalamu chini nawapelekea. Wawili wameshanizoea. Yule wa uchuro bado ananitazama kutoka mbali, anasubiri niondoke ndipo ale.

Kesho ni Jumatano. Nitaomba nafasi ya kusema kabla ya mahitaji ya maombi.